Mtoto Anakwenda Kusoma Ng'ambo: Kadi Yake ya Kwanza ni Kaye ya Deni

Maneno tuliyoyasema mbele ya wanachama, Baraka. Komite iliomba yaandikwe ili wenzetu wa Fizi-centre, Mboko, Swima na Kazimia nao wayasome.

 

Komite ilipotuomba tuseme juu ya kadi za banki, kuna waliocheka. Walituambia: hapa tuko na shida ya mbegu, ya barabara ya Uvira, ya minervale ya watoto, na ninyi mnatuletea mambo ya kadi za ng'ambo? Tunaelewa kicheko hicho. Lakini tunapopita vijijini, swali moja linarudi mara nyingi: "Mtoto wetu amepata masomo mbali. Anasema banki imempa kadi yenye dola elfu moja. Mbona hatumi kitu?"

Leo tunajibu swali hilo. Jibu la kwanza ni hili: banki haikumpa dola elfu moja. Imempa ruhusa ya kudaiwa dola elfu moja. Kupewa mbuzi ni jambo moja, kuazimwa mbuzi ni jambo lingine, na kila mtu hapa anajua ni nani anayelala vizuri usiku.

Kwa nini jambo hili ni letu

Familia zetu ziko pande nyingi. Safari za kurudi kutoka kambi za Kigoma zilianza mwaka 2005, na meli zikavuka ziwa kuleta watu hapa Baraka. Kambi ya Lugufu ilifungwa mwaka 2009, waliobaki wakahamishiwa Nyarugusu. Wengine walipelekwa Marekani, Kanada na Australia. Kwa hiyo mama mmoja wa Baraka anaweza leo kuwa na mtoto mmoja hapa, mwingine Nyarugusu, na wa tatu kwenye chuo kikuu mbali kabisa.

Vijana wanaokwenda kusoma hawaendi kwa njia moja. Wengi wanaishia karibu: Bujumbura, Kampala, Kigoma, Dar es Salaam. Hao hawahitaji kadi ya mkopo. Feza ya kwenye telefone inawafikia, na wakitaka kadi, ile inayotumia akiba yao wenyewe inatosha.

Wengine wanakwenda Kanada ao Marekani. Kuna wanaolipiwa na wazazi ao na ndugu walio kule. Kuna pia wenzetu waliobaki kambini, ambao wengine wanachukuliwa na mpango wa wanafunzi wakimbizi wa shirika la Kanada linaloitwa kwa Kifaransa Entraide universitaire mondiale du Canada. Mpango huo ulianza mwaka 1978, na wanafunzi wa vyuo vya kule ndio wanaochanga ili mwenzao aje asome. Kijana akifika kule, kwa njia yoyote ile, siku chache tu anaingia banki kufungua konti. Hapo hapo anaulizwa: "Unataka na kadi ya mkopo?" Ana miaka 19 ao 20. Kwao hakuna mtu aliyewahi kuwa nayo. Anajibu ndiyo kwa sababu kila mtu anajibu ndiyo.

Kadi mbili zenye uso mmoja

Kuna kadi mbili, na kwa macho zinafanana: plastiki, namba, jina.

Ya kwanza inatoa feza yako mwenyewe. Ukiwa na dola 80 kwenye konti, unaweza kununua vitu vya dola 80. Zikiisha, kadi inakataa. Hii ni kama pochi. Kule Kanada sheria inampa mtu mwenye vitambulisho vinavyotakiwa haki ya kufungua konti ya banki hata kama hana kazi. Kwa hiyo kijana yeyote anaweza kuanza na kadi hii.

Ya pili ni kadi ya mkopo. Ukinunua, banki inalipa duka, na wewe unaandikwa kwenye kaye ya deni. Mwisho wa mwezi banki inafunga hesabu na kukutumia karatasi: umekopa kiasi hiki, ulipe kabla ya tarehe hii. Ukilipa deni lote kwa tarehe, hulipi riba hata senti kwa vitu ulivyonunua. Ukibakisha, riba inaanza kuhesabiwa.

Ninyi wanachama wa AVEC na MUSO hamna haja ya mwalimu kwa jambo hili. Mnajua kukopa, mnajua riba. Lakini kuna tofauti tatu ambazo lazima tuziweke wazi.

Kwanza, kwenye AVEC mkopo una mwisho wake. Unakopa kwa miezi mitatu, siku inafika, unasimama mbele ya wenzako, kufuli tatu za sanduku zinafunguliwa, unarudisha. Deni la kadi halina siku ya mwisho. Banki inakuambia ulipe kidogo tu mwezi huu, na mwezi ujao kidogo tena. Inaonekana kama huruma. Sivyo.

Pili, riba ya AVEC inarudi kwenu siku ya kugawana. Riba ya kadi haimrudii kijana.

Tatu, hapa kwetu tunasema riba kwa mwezi. Kule wanaisema kwa mwaka. Mtu anayesikia asilimia 20 anaweza kufikiri ni ya mara moja tu, kama akikopa 100 atarudisha 120 na yameisha. Hapana. Ni asilimia 20 kwa mwaka, inahesabiwa siku kwa siku juu ya deni lililobaki, na inaendelea mwaka wa pili na wa tatu mpaka deni liishe. Kule Kanada kadi nyingi za kawaida ziko karibu na kiasi hicho cha asilimia 20, na za Marekani nyingi zinapita hapo.

Basi kwa nini aichukue?

Kuna wazee watasema: kama ni hatari hivyo, aiache. Tunaheshimu wazo hilo. Kwa mwaka wa kwanza mtoto anaweza kabisa kuishi na kadi ya pochi peke yake, na hakuna aibu. Ndugu zetu wanaokataa riba kwa sababu ya dini wana njia hiyo mbele yao.

Lakini iko sababu moja ya kweli ya kuichukua. Hapa Baraka, mtu akitaka kukopa gunia la mchele dukani, mwenye duka anauliza: wewe ni mtoto wa nani? Akisikia jina la baba, anajua kama atalipwa. Kule hakuna anayemjua baba yako. Wanaotoa ushuhuda juu ya mtu ni makampuni yanayoweka kumbukumbu ya madeni ya watu. Kanada yako mawili makubwa, Equifax na TransUnion. Yanaandika: huyu alikopa, alilipa kwa tarehe, huyu alichelewa. Kutoka hapo mtu anapata namba. Kanada inaanza 300 mpaka 900, na Marekani namba inayotumiwa zaidi inaanza 300 mpaka 850. Mwenye nyumba anaweza kuiangalia namba hiyo kabla ya kukupangisha. Kampuni ya telefone pia. Kesho ukitaka mkopo wa gari ao wa nyumba, inaangaliwa tena.

Kijana aliyetoka kwetu anafika bila kumbukumbu yoyote. Hajafanya ubaya, lakini hakuna anayemshuhudia. Kadi ndogo, ikitumiwa kidogo na kulipwa yote kila mwezi, inamjengea ushuhuda huo pole pole. Hiyo ndiyo faida yake. Zawadi za pointi na tiketi za ndege zinazotangazwa zisimvute. Zimewekwa hapo ili mtu anunue zaidi.

Na ushuhuda mbaya unakaa. Malipo yaliyochelewa yanaweza kubaki kwenye kumbukumbu karibu miaka 6 Kanada, na miaka 7 Marekani. Kijana anaweza kumaliza masomo, kupata kazi, na bado karatasi hiyo ikamfuata.

Mambo ya kuangalia kabla ya kuweka sahihi

Tuseme kijana ameamua. Achague namna gani? Sisi tunampa maneno saba ayaandike kwenye kikaratasi.

La kwanza: ada ya mwaka. Ziko kadi za wanafunzi ambazo hazina ada kabisa. Kadi ya kwanza iwe hiyo.

La pili: kikomo kidogo. Akipewa kuchagua kati ya dola 500 na dola 2,000, achukue 500. Kikomo kikubwa si heshima. Kanada banki haina ruhusa ya kupandisha kikomo bila mwenye kadi kukubali. Kwa hiyo ujumbe ukija, "Tunaweza kukuongezea," ana haki ya kusema hapana, na hakuna kitu kibaya kitatokea.

La tatu: riba. Asiulize riba moja, aulize ya kununua na ya kutoa feza mkononi. Hizi mara nyingi si sawa, na ya kutoa feza inaweza kuwa juu zaidi. Kama kuna riba ndogo ya kuvutia mwanzoni, aulize inaisha mwezi gani na baadaye inakuwa ngapi. Sheria ya Kanada inaitaka banki iweke mambo haya yote kwenye kijisanduku cha maelezo ndani ya karatasi ya kuomba kadi. Marekani pia wana jedwali la namna hiyo. Asome kijisanduku hicho kabla ya kitu kingine chochote. Kama Kiingereza cha banki ni kigumu, aombe mtu wa ofisi ya wanafunzi amsomee.

La nne: siku za kulipa. Kanada, ukilipa deni lote, unapewa siku zisizopungua 21 tangu hesabu ilipofungwa kabla riba ya manunuzi kuingia. Marekani, sheria ya mwaka 2009 inataka karatasi ya deni itumwe siku 21 kabla ya tarehe ya kulipa. Kijana aandike tarehe hiyo ukutani. Vizuri zaidi, aiagize banki ilipe deni lote yenyewe kutoka kwenye konti yake kila mwezi.

La tano: ada ya feza ya kigeni. Ukinunua kitu kwa feza isiyo ya nchi ile, kadi nyingi zinaongeza karibu asilimia 2.5 Kanada na mpaka 3 Marekani.

La sita: kama banki imemkataa kwa sababu hana kumbukumbu, asikimbilie wakopeshaji wa njiani. Iko kadi ya mkopo yenye amana. Anaweka kwa mfano dola 300, banki inashika, naye anapewa kikomo cha dola 300. Anatumia na kulipa kama kawaida, na kumbukumbu inajengeka. Siku akifunga kadi bila deni, amana yake inarudi. Aulize tu kama malipo yake yanaandikwa kwa yale makampuni ya kumbukumbu, maana bila hivyo hapati faida.

La saba: kadi moja. Isiwe mbili. Kila duka kubwa litampa karatasi ya kujaza akisimama kulipa. Asijaze.

Kwa Marekani tunaongeza neno. Sheria ile ile ya mwaka 2009 inasema mtu aliye chini ya miaka 21 hapati kadi ya mkopo peke yake kama hawezi kuonyesha kipato chake cha kulipia. La sivyo lazima mtu mzima asimame naye. Hapo ndipo baba mdogo aliye kule anapigiwa simu. Tuseme wazi: anayeweka sahihi pamoja na kijana anadaiwa pamoja naye. Na kama ni baba mdogo anayemtolea kijana kadi ya ziada juu ya kadi yake, deni lote linabaki kwa baba mdogo. Familia nyingi zimegawanyika kwa mambo madogo kuliko hayo.

Hesabu ya dola elfu moja

Sasa tufanye hesabu, chukueni kalamu. Tuseme kijana ana deni la dola 1,000 na riba ya asilimia 20 kwa mwaka. Haongezi tena hata dola moja. Karatasi ya banki inasema kiasi kidogo cha kulipa mwezi huu ni dola 30.

Riba ya mwezi wa kwanza ni karibu dola 17. Analipa 30. Kumi na saba zimekwenda kwa riba, 13 tu ndizo zimepunguza deni. Mwezi wa pili anaanza na dola 987. Akiendelea kulipa 30 kila mwezi bila kukosa, deni litaisha baada ya miezi kama 49, yaani karibu miaka minne na mwezi mmoja. Atakuwa ametoa jumla karibu dola 1,470. Ndio wakati wote wa shahada ya kwanza kule Kanada, analipa vitu ambavyo huenda hata havikumbuki.

Kijana huyo huyo akilipa dola 100 kila mwezi, anamaliza kwa miezi kama 11, na jumla ni karibu dola 1,103. Deni ni moja, riba ni moja. Kilichobadilika ni kiasi anachorudisha kila mwezi.

Kwa hiyo neno "kiasi kidogo cha kulipa" lisisomwe kama "kiasi unachodaiwa". Kinamkinga asiandikwe kuwa amechelewa, basi. Hakimtoi kwenye deni.

Simu yetu kutoka Baraka

Sasa tunafika kwenye jambo lenyewe, na tunaomba msikasirike.

Mara nyingi kijana hakopi ili anunue viatu. Anakopa kwa sababu simu imelia usiku. Babu amefariki, kilio ni kesho, jeneza halijalipwa. Ao mdogo wake amefukuzwa shuleni. Ao nyumba imeungua. Maneno ni yale yale: "Mutoto wetu, wewe ndiye macho yetu. Tafuta hata dola mia tatu." Na kijana, mwenye konti tupu na kadi yenye kikomo cha dola 500, anafanya nini? Anatoa kwenye kadi.

Kutoa feza mkononi kwa kadi ya mkopo si sawa na kununua mkate. Zile siku 21 hazipo. Riba inaanza siku ile ile. Juu yake kuna ada ya kutoa. Hata asipokwenda kwenye mashine, akalipa kwa kadi ya mkopo moja kwa moja kwa wakala wa kutuma feza, banki nyingi zinahesabu kwamba ametoa feza mkononi. Wakala naye anakata ada yake. Zile dola mia tatu zinafika Baraka zimeshalipiwa mara tatu.

Kisha, dola 300 juu ya kikomo cha 500 ni asilimia 60. Wanaohesabu ile namba ya ushuhuda hawapendi mtu aliyejaza kadi yake. Ushauri wa kawaida ni kubaki chini ya asilimia 30. Namba inashuka hata kama hajachelewa kulipa. Akichelewa ndio inashuka zaidi. Naye ni mwanafunzi. Aliyeingia Kanada kwa ruhusa ya masomo anakubaliwa kazi nje ya chuo si zaidi ya saa 24 kwa wiki wakati wa masomo. Hawezi kusema ataongeza kazi alipe haraka. Akipita saa hizo, anaweza kupoteza ruhusa yenyewe.

Wababa na wamama, hatusemi mtoto asisaidie kwao. Hapa kwetu mtu asiyesaidia kwao si mtu, na sisi wenyewe tumesomeshwa na mikono mingi. Tunasema asisaidie kwa feza ya banki. Asaidie kwa feza yake, ile iliyobaki baada ya kulipa chumba, chakula na kadi. Ikiwa ni dola 20, basi ni dola 20. Dola 20 za kila mwezi, kwa miaka minne, zinalisha nyumba kuliko dola 300 za usiku mmoja zinazomfunga mtoto mdomo na simu. Maana mnajua kinachofuata. Kijana anayedaiwa anaona aibu, anabadilisha namba. Nyumbani wanasema amejivuna, ametusahau. Kumbe anajificha.

Makubaliano kabla ya safari

Tunatoa pendekezo kwa chama hiki. Kila kijana wa mwanachama anayekwenda kusoma mbali, kabla hajapanda gari ao mashua, familia ikae naye saa moja, na mtu mmoja wa komite awepo. Waandike mambo matano kwenye karatasi moja, nakala mbili, moja abaki nayo mzazi na moja aende nayo kijana.

Moja, mwaka wa kwanza hatumi kitu, ao anatuma kiasi kidogo kinachojulikana. Mbili, siku ya kutuma ni baada ya kulipa kadi, si kabla. Tatu, nyumbani mtu mmoja tu ndiye anayempigia simu juu ya feza. Ndugu kumi wakipiga kila mmoja na shida yake, hakuna mshahara wa mwanafunzi unaotosha. Nne, hatutamwomba atoe feza kwenye kadi ya mkopo, hata kwa kilio. Tano, akiingia kwenye deni atatuambia mapema, na hatutamtukana.

Mtauliza: na kilio je? Maiti haingoji. Ni kweli. Lakini chama hiki kina fungu la msaada. Ndiyo kazi yake. Kilio kikitokea, fungu la msaada ndilo litangulie, jeneza lilipwe, watu wazike kwa heshima. Mtoto aliye mbali alete mchango wake baadaye, kwa kadiri yake, na mchango huo uingie kwenye fungu lile lile. Tukifanya hivyo, hata familia isiyo na mtoto ng'ambo inapata nafuu kesho. Tunajua fungu ni dogo. Ndiyo sababu tunaomba wanachama walizungumze kwenye mkutano ujao: tuliongeze namna gani, na mwanachama wa kilio apewe kiasi gani bila kubishana.

Maswali mliyouliza

Mzee mmoja aliuliza: "Mtoto anaweza kutupigia picha ya kadi, tukailipia huku vitu vyetu?" Hapana, mzee wetu. Namba za kadi zikipita kwenye telefone za watu watatu, haziko siri tena. Kanada sheria inamkinga mwenye kadi iliyotumiwa na mwizi: hawezi kudaiwa zaidi ya dola 50 kama hakuwa na uzembe. Lakini aliyetoa namba yake mwenyewe kwa hiari atawezaje kusema ameibiwa? Kadi ikipotea ao ikionekana manunuzi asiyoyajua, apige simu banki siku ile ile, asingoje mwisho wa mwezi.

Mama mmoja aliuliza juu ya mtu anayezunguka mjini akisema anaweza kuwatengenezea vijana kadi ya Visa yenye feza ndani, mradi walipe kwanza. Mama, hakuna banki inayokopesha mtu kupitia njiani, kwa mtu asiyekuwa na konti yake. Anayetaka ulipe kwanza ili upewe mkopo anatafuta hicho unacholipa. Na neno Visa la kwenye kadi ni jina la kampuni ya malipo. Halina uhusiano na viza ya kuingilia nchi. Watu wanadanganywa kwa kufanana kwa majina hayo.

Kijana mmoja aliuliza: "Nikishindwa kulipa kabisa nifanye nini?" Usinyamaze. Piga simu banki kabla ya tarehe, uombe mpango wa kulipa. Acha kutumia kadi. Kiasi kidogo kilipe hata kwa kujinyima, ili usiandikwe umechelewa. Nenda kwenye ofisi ya wanafunzi ya chuo, vyuo vingi vina mtu wa kushauri juu ya feza. Na usifungue kadi ya pili ili ulipe ya kwanza.

Wapendwa, wavuvi wetu wanajua kukopa mafuta ya taa na nyavu kwa mtu, kisha kurudisha kwa ndagala. Wanajua pia kwamba anayekopa juu ya ndagala ambazo bado ziko ziwani, mwezi ukiwa mkali anabaki na deni bila samaki. Kadi ya kwanza ya mtoto ni hivyo hivyo. Achukue ndogo, anunue kile ambacho feza yake tayari iko, alipe yote. Na sisi tulio huku tumsaidie kwa kutomvuta mkono.

Karatasi ya makubaliano tumeiacha kwa katibu wa chama, iko kwa Kiswahili, mwenye kutaka aichukue bure. Kwa familia zenye kijana anayesafiri mwaka huu, tutakuja nyumbani mkituita.